Promosheni ya "nunua 10 upate 1" imeisha, mwezi unaofuata mauzo yamelala: kosa hasa ni lipi?

#1 Mzani_wa_Stoo

Wakuu, salama.

Kuna kosa la mauzo ambalo kila msambazaji wa bidhaa za dukani analijua na bado linarudiwa. Kampuni inaona lengo la mwezi halifikiki. Wiki ya pili inatangaza ofa kwa maduka ya jumla: nunua katoni 10, upate 1 bure. Mzigo unatoka kwa kasi, kwenye kikao cha mwisho wa mwezi watu wanapigiana makofi. Mwezi unaofuata kila duka linajibu "bado nina mzigo". Ripoti inaandikwa "soko gumu", na baada ya miezi mitatu ofa ileile inarudi kama vile haijawahi kufanyika.

Tuchukue juisi ya boksi. Namba nimezipanga mwenyewe ili tuhesabu pamoja. Kawaida zinatoka katoni 4,000 kwa mwezi. Januari 4,000, Februari yenye ofa 6,500, Machi 1,900. Jumla 12,400, na bila ofa zingekuwa 12,000. Bei kwa duka la jumla ni shilingi 12,000 kwa katoni bila VAT, gharama ya kampuni 10,200. Yaani purukushani yote ile imeongeza katoni 400 kwa miezi mitatu.

Hoja yangu: hakuna anayejifunza kwa sababu kinachopimwa ni mzigo ulioingia dukani. Uliotoka dukani kwenda kwa mlaji haupimwi na mtu yeyote. Karibuni, hasa mnaosimamia njia za mauzo (maeneo ambayo gari la mauzo linapita).

#2 DadaJumla

Shukrani mleta uzi. Nakubali sehemu kubwa, ila usiilaumu sana ofa. Ni punguzo la asilimia 10 tu, kampuni nyingi zinalimudu.

Mimi naliona kosa kwenye bei ya mtaani. Mwenye duka la jumla anachukua katoni 110 kwa mali kauli (anachukua mzigo, analipa baadaye) ya siku 14. Siku ya kumi hajauza hata nusu, na mtu wa sukari na mtu wa mafuta ya kula wanamdai. Anaushusha bei mzigo wako ili apate fedha mkononi. Katoni imemgharimu 10,909 (120,000 gawa kwa 11), kwa hiyo akiuza 11,000 bado yuko salama. Jirani yake aliyenunua kabla ya ofa kwa 12,000 naye analazimika kushuka, huyo kwa hasara. Ndani ya wiki mbili mtaa mzima unajua juisi hii ni 11,000. Ofa ikiisha unarudi na 12,000 yako, nani akupokee?

Hata ungepima mzigo uliotoka dukani kwa usahihi wote, bei ikishavunjika hairudi kwa kipimo.

#3 FundiHesabu

Nina masahihisho mawili kabla hatujaenda mbali.

La kwanza kwa #2. Kumi upate moja si asilimia 10. Mteja anachukua 11 kwa bei ya 10, kwa hiyo punguzo ni 1/11, yaani asilimia 9.09. Na hata hiyo 9.09 isikudanganye kwamba ni ndogo, kwa sababu inakatwa kwenye faida na wala si kwenye bei. Faida ya katoni moja ni 12,000 − 10,200 = 1,800, asilimia 15 ya bei. Katoni 11 bila ofa zina faida ya 11 × 1,800 = 19,800. Zikiwa na ofa, unaingiza 120,000, unatoa gharama 112,200, unabaki na 7,800. Faida imepungua kwa karibu asilimia 61.

Ukitaka kujua uuze kiasi gani zaidi ili faida ibaki ileile, chukua asilimia ya punguzo, gawa kwa asilimia ya faida ukishatoa punguzo. Hapa: 9.09 ÷ (15 − 9.09) = 1.54, yaani asilimia 154 zaidi ya kawaida. Unatakiwa utoe mzigo mara mbili na nusu ya kawaida, na huo mzigo wa ziada uwe wa kweli, usiwe wa mwezi ujao uliovutwa mapema.

La pili kwa #1. Hizo katoni 400 za ziada hazipo. Kati ya 6,500 za Februari, moja katika kila 11 ni ya bure, kama 590. Zilizolipiwa ni 5,910. Miezi mitatu jumla iliyolipiwa ni 11,810, pungufu ya 12,000. Faida bila ofa: 21,600,000. Faida na ofa: 11,810 × 1,800 = 21,258,000, toa gharama ya zile za bure 6,018,000, inabaki 15,240,000. Ofa imekula milioni 6.36, na bado hujalipa mabango wala mafuta ya gari.

#4 Mzani_wa_Stoo

Naichukua hesabu ya #3, inaongeza uzito wa hoja. Na angalieni: mtu mwenye ripoti ya katoni peke yake hawezi kuiona hasara hii hata akitaka.

#5 Masika_na_Kiangazi

Mnakimbia mno. Nani kathibitisha kwamba Machi imeanguka kwa sababu ya ofa? Juisi na soda zinategemea joto. Dar na pwani yote Januari na Februari ni moto mkali, masika yanaanza katikati ya Machi, vinywaji baridi vinapungua hata usipofanya ofa yoyote. Halafu Januari ni mwezi wa ada na sare, fedha ya nyumbani inabana, Februari inalegea kidogo. Kwa hiyo "kawaida 4,000 kila mwezi" ni wastani tu, hakuna mwezi unaoishi kwenye wastani.

Hapo kuna kosa lingine ambalo wachambuzi wengi hulifanya: kulinganisha Machi na Machi ya mwaka jana. Ramadhani inarudi nyuma karibu siku 11 kila mwaka. 2024 ilianza wiki ya pili ya Machi, 2025 mwanzoni kabisa mwa Machi, 2026 katikati ya Februari. Juisi, tende, sukari, unga wa ngano, vyote vinapanda kwa Ramadhani. Ukilinganisha Machi kwa Machi unalinganisha mwezi wa futari na mwezi mtupu. Panga mauzo kwa wiki, halafu ulinganishe wiki ya pili ya mfungo na wiki ya pili ya mfungo.

#6 BintiTanga

#5 yuko sahihi kuhusu misimu, ila dawa ipo: acha eneo moja bila ofa. Njia sita za mauzo zinazofanana, tatu zipe ofa, tatu zisipewe, mvua na Ramadhani zitazipiga zote sawasawa. Tofauti inayobaki ndiyo kazi ya ofa.

#7 DadaJumla

Binti, kwa karatasi ni sawa, kwa Dar haiwezekani. Ukitoa ofa Mbagala usitoe Gongo la Mboto, mzigo utasafiri kwa bajaji usiku huohuo. Mawinga (madalali) wa Kariakoo wanajua bei ya kila njia kabla ya meneja wako. Utaona Mbagala imepanda na Gongo la Mboto imeanguka, useme ofa ni ya ajabu, kumbe mzigo ni uleule umebadili mlango.

#8 BintiTanga

Ndiyo maana maeneo yachaguliwe kwa nauli. Kama tofauti ya bei kwa katoni ni shilingi 1,000 na kusafirisha katoni kutoka eneo A hadi B ni 300, mzigo utavuka. Ikiwa ni 1,500, hautavuka. Tanga na Dodoma hazigawani duka la jumla kwa bidhaa kama hii, kata mbili za Dar zinagawana. Na mwisho wa ofa lazima uhesabu kilichobaki kwenye maduka ya pande zote mbili, la sivyo umerudi kwenye tatizo la #1.

#9 Mlinda_Kamisheni

Mnazungumza vipimo na misimu, mtu anayelipwa hamjamgusa. Afisa mauzo analipwa kamisheni kwa ankara iliyotoka kabla ya tarehe ya kufunga mwezi. Mwenye duka akibaki na mzigo, hilo halimhusu. Hata umfundishe hesabu zote za #3, tarehe 28 atabebesha maduka mzigo, kwa sababu ndicho anacholipwa kufanya.

Na hili si la kwetu peke yetu. Sunbeam, kampuni ya vifaa vya nyumbani ya Marekani, mwaka 1997 chini ya bosi wake Al Dunlap, iliwauzia wenye maduka majiko ya kuchomea nyama wakati wa baridi kali, kwa punguzo na masharti mepesi ya malipo, mengine yakawekwa kwenye maghala ya watu wengine ili yahesabike kama yameuzwa. Mwaka uliofuata mauzo yakaporomoka, Dunlap akafukuzwa Juni 1998, na 2001 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Ni "nunua 10 upate 1" hiyohiyo, ukubwa tu ndio tofauti.

Benki ya Wells Fargo nayo ilisukuma wafanyakazi wauze bidhaa nane kwa kila familia. Wakafungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Septemba 2016 ikatozwa dola milioni 185, na wafanyakazi kama 5,300 walikuwa wameshafukuzwa. Hao 5,300 wote wasingeweza kuwa watu wabaya kwa bahati mbaya. Lengo liliwasukuma.

Badilisheni malipo: nusu ya kamisheni kwa ankara, nusu kwa fedha iliyoingia ndani ya siku 30, na mzigo unaorudi ukatwe kwenye kamisheni ya mwezi uliouzwa.

#10 AfisaNjia

#9 unampiga aliyeko chini. Mali kauli anaidhinisha nani? Lengo anapanga nani? Afisa akikatwa kamisheni kwa mzigo uliorudi kwa sababu ofisi ilichelewa kuleta friji walilomwahidi mwenye duka, hapo mmemfundisha nini? Atahama kampuni, na mtapoteza mtu anayejua maduka 180 kwa majina.

Kinachosaidia mtu wa njia ni kikomo cha mzigo kwa kila duka, kilichoandikwa. Chukua mauzo ya duka kwa wiki, zidisha kwa wiki mbili, toa kilichopo stoo. Duka linauza katoni 20 kwa wiki, lina 30 stoo: 40 − 30 = 10. Mpe 10. Akitaka 50 kwa sababu ya ofa, meneja asaini mwenyewe. Karatasi ile yenye saini ndiyo itakayosema baadaye nani aliamua.

#11 Mlinda_Kamisheni

Wiki mbili ni kwa duka linalotembelewa kila wiki. Vijijini gari linapita mara moja kwa wiki tatu, kikomo chako kitaacha rafu tupu na mshindani ataingia. Hapo weka muda wa mzunguko wa gari, ongeza wiki moja ya tahadhari.

#12 AfisaNjia

Sawa, mzunguko wa gari jumlisha wiki moja. Hapo tunaelewana. Kwa kamisheni hatujaelewana.

#13 Vizibo_na_Zawadi

Nimesoma kwa raha, niongeze upande wa matangazo, maana uzi umejaa katoni tupu.

Kosa kubwa la promosheni ni kuahidi zawadi bila kuhesabu wangapi watakuja kuidai. Hoover ya Uingereza, wauza mashine za kufyonza vumbi, mwaka 1990 ilitoa tiketi mbili za ndege kwa anayenunua bidhaa ya kuanzia pauni 100, ikafunga milango kabisa. Na Pepsi kule Ufilipino 1992: namba ya ushindi kwenye kizibo ilitangazwa 349, kumbe namba hiyo ilishachapwa kwenye vizibo karibu 800,000. Zawadi ilikuwa peso milioni moja. Watu wakaingia barabarani.

#14 FundiHesabu

Ya Pepsi ni sahihi, ilitangazwa 25 Mei 1992, kampuni ikaishia kutoa peso 500 kwa mwenye kizibo ili kupoza. Vizibo vyenye sifa kamili za ushindi vilipaswa kuwa viwili tu, vilitofautishwa kwa alama ndogo ya usalama ambayo mnywaji wa kawaida hakuwa na sababu ya kuitazama.

Hoover rekebisha: ni 1992, na haikufungwa. Ilipoteza kama pauni milioni 50, wakurugenzi wakaondolewa, na 1995 Maytag iliyokuwa ikiimiliki ikaiuza sehemu ya Ulaya kwa Candy ya Italia. Ofa ya kwanza ilikuwa safari za Ulaya, ikaenda vizuri kiasi, wakapanua hadi Marekani. Tiketi za Marekani zilikuwa na thamani kuliko mashine yenyewe, kwa hiyo watu walinunua mashine ili wapate tiketi. Walitegemea fomu ndefu zitawakatisha wengi tamaa, na watakaobaki watanunua hoteli na bima kwao.

Hesabu ya kufanya kabla: gharama ya zawadi mara watu wote wanaostahili. Ikiwa kampuni haiwezi kubeba wote, weka kikomo cha idadi kwenye tangazo lenyewe, kwa herufi zinazosomeka.

#15 BintiTanga

Na kwa wenye droo za vizibo na kukwangua, Tanzania Bara unahitaji kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na mwakilishi wao hushuhudia droo. Kibali kiombwe kabla ya kuchapa vizibo. Watu wanachapa kwanza, halafu wanaambiwa masharti yabadilishwe, mzigo umeshaingia sokoni.

#16 Ladha_Kwanza

Mkiwa kwa wenzetu, msiisahau Coca-Cola ya 1985. Walionjesha watu karibu 200,000, wakabadilisha ladha mwezi Aprili, siku 79 baadaye wakarudisha ile ya zamani. Fundisho: utafiti wa soko ni kupoteza fedha.

#17 Masika_na_Kiangazi

Hapana mkuu, fundisho lililo hapo ni jingine. Utafiti ulijibu swali ulioulizwa: ladha ipi tamu kwa funda moja la kuonja. Kinywaji kitamu zaidi mara nyingi hushinda kwa funda moja, chupa nzima ni habari nyingine. Na ile ya zamani kuondolewa kabisa dukani halikuwa swali waliloulizwa wale waonjaji.

Kwetu kosa hilohilo linafanyika kila siku. Unaonjesha yoghati kwenye kikombe kidogo mbele ya supamaketi, asilimia tisini wanasema nzuri. Hujawaonyesha bei, wala hujawaambia waache ile wanayonunua sasa. Swali lenye faida ni la fedha: baada ya kuonja, mpe achague kati ya bidhaa yako na ile aliyoizoea kwa bei halisi ya rafu, uone mkono unakwenda wapi.

#18 Ujumbe_Mfupi

Wa matangazo ya SMS naomba nipite na moja ambalo linakula fedha kimyakimya. SMS moja ni herufi 160, pamoja na nafasi. Ukizidisha, inakatwa vipande vya 153. Lakini ukiweka emoji moja, ujumbe wote unabadilika mfumo: moja ni herufi 70, vipande ni 67. Ujumbe wa herufi 165 bila emoji ni SMS mbili. Ukiongeza ile alama ya moto mwishoni unakuwa SMS tatu. Zidisha kwa wateja 40,000, ni SMS 40,000 za ziada kwa ajili ya alama moja.

Kuna mtego mbaya zaidi kwa Kiswahili. Ukiandika ng'ombe au ng'ara kwenye programu ya kompyuta, kile kialama kinajikunja chenyewe, na kilichokunjwa hakimo kwenye mfumo wa herufi 160. Ujumbe unaonekana wa kawaida kabisa na gharama inaweza kupanda mara mbili au zaidi. Baadhi ya mifumo ya kutuma inakirekebisha, mingine haikirekebishi. Jaribu kwanza kwa namba tano na usome umekatwa salio kiasi gani.

#19 Vizibo_na_Zawadi

#18 hiyo ya kialama sikuwahi kuiona ikiandikwa popote. Ubarikiwe. Swali: utajuaje SMS imeleta mauzo na si redio?

#20 Ujumbe_Mfupi

Usimuulize mteja "umetusikia wapi", atasema redio kwa mazoea hata kama redio yake ni mbovu. Tenganisha njia ya kuingilia: "lipa namba" (namba ya kulipia kwa simu) moja kwa bango, nyingine kwa SMS, nyingine kwa redio, au neno tofauti la ofa kwa kila chombo. Halafu usitangaze vyote siku moja. SMS Jumanne, redio Ijumaa. Na wapelekee SMS nusu ya orodha tu, nusu iache kimya, ulinganishe manunuzi ya nusu mbili kwa siku saba. Orodha igawanywe kwa tarakimu ya mwisho ya namba ya simu, witiri na shufwa. Ukigawa kwa mtaa au kwa tarehe ya kujiunga, umeshapendelea upande mmoja.

Na namba ziwe za watu waliokubali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi, orodha za kununua mtaani ni hatari juu ya kuwa hazileti mauzo.

#21 Marejesho

Nimekaa kimya nikisubiri mtu ataje mzigo uliorudi. #9 amegusa na kupita.

Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kuu makosa hayasomwi: matokeo yake yanachelewa na yanaingia kwenye hesabu ya mtu mwingine. Juisi iliyobebeshwa Februari inakwisha muda Agosti au Septemba. Wakati huo meneja aliyetoa ofa amehamishwa kanda au amepandishwa cheo kwa mafanikio ya Februari. Marejesho yanaandikwa kwenye gharama za Septemba, kwa meneja mpya, chini ya kifungu cha "uharibifu wa ghala". Hakuna karatasi inayounganisha Septemba na Februari, kwa hiyo kampuni kwa dhati kabisa inaamini ofa ilifanikiwa.

Dawa yake ni ya kazi ndogo. Kila katoni ina namba ya bechi na tarehe ya mwisho. Mzigo ukirudi, mpokeaji wa ghala aandike: bechi, duka, idadi, sababu, na ankara ilitoka mwezi gani. Gharama irudishwe kwenye mwezi huo. Baada ya miezi minane fungua tena ripoti ya Februari uisome upya ikiwa na marejesho ndani yake.

Makosa ya kawaida hapo: mpokeaji anachanganya bechi tatu kwenye mstari mmoja. Dereva anarudisha mzigo wa duka A kwa jina la duka B kwa sababu B ndiye mwenye ankara mkononi. Na kwenye "sababu" wote wanaandika "mbovu". Weka sababu nne tu za kuchagua: muda umekwisha, imevuja au kubonyea, imeletwa bila kuagizwa, bei.

#22 Mlinda_Kamisheni

#21 hii inanitosha kubadili pendekezo langu kidogo. Kama marejesho yanakuja baada ya miezi saba, kukata kamisheni ya siku 30 hakugusi kitu. Ila bado nasema malipo ndiyo mzizi.

#23 Swali_Kwanza

Mbona hakuna aliyetaja "kwa nini" mara tano ya Toyota? Mauzo yameanguka, kwa nini? Maduka yamejaa. Kwa nini yamejaa? Ofa. Kwa nini ofa? Lengo halikufikiwa. Endelea hadi ya tano, utafika kwenye mzizi.

#24 Masika_na_Kiangazi

Inasaidia mashine ikigoma, kwenye soko inapotosha. Swali la kwanza ukilijibu "maduka yamejaa" umeshaiacha mvua, bei iliyovunjika na mshindani. DadaJumla atafika kwenye mali kauli, Mlinda_Kamisheni kwenye kamisheni, Marejesho kwenye ghala, kila mmoja akiwa na "kwa nini" zake tano safi. Anza kwa kuandika sababu zote zinazowezekana, halafu kwa kila moja uliza: kama hii ndiyo, ni namba gani nyingine ilipaswa kubadilika? Kama ni mvua, soda ya mshindani nayo ilipaswa kushuka. Kama ni bei, mauzo ya maduka ambayo hayakupata ofa nayo yangelala. Kama ni mzigo kujaa, maduka madogo yasiyoweka stoo yangeendelea kununua kama kawaida.

#25 Mchuuzi_Mombasa

Salamu kutoka Mombasa. Swali lenu la mwisho ni zuri, ila mlaji mmemsahau, na yeye ananunua kwa sarafu. Bidhaa ya shilingi 10 ya Kenya ukiipandisha 12, muuza kibanda hana chenji ya tatu wala nane, ataiuza 15. Mtengenezaji anadhani amepandisha asilimia 20, mlaji amepandishiwa 50. Huko kwenu nasikia ya 500 ikipanda 550 inakuwa 600 dukani kwa sababu hiyohiyo.

Na ofa ni vivyo hivyo ikigeuzwa: punguzo la katoni halifiki kwa mtoto anayenunua boksi moja. Mwenye jumla ameweka mfukoni, mwenye rejareja ameweka mfukoni, bei ya boksi ni ileile. Kama bei ya mwisho haikubadilika, mlaji hana sababu ya kunywa zaidi. Ule mzigo ungetoka vipi?

#26 DadaJumla

Kaka wa Mombasa umesema. Na ndiyo maana wengine wanaweka zawadi ndani ya katoni ili imfikie mlaji. Tatizo lake: katoni inafunguliwa kwenye duka la jumla, zawadi inatolewa, inauzwa peke yake pembeni, katoni inafungwa kwa selotepu. Zawadi iwe imegandishwa kwenye boksi lenyewe au ichapwe ndani ya kifungashio, hapo haichomoki.

#27 Mzani_wa_Stoo

Tumefika mahali pazuri. Wawili wamenitumia ujumbe wakiomba karatasi ya kuhesabu mzigo unaotoka dukani, naiweka hapa. Maduka 30, kumi makubwa, kumi ya kati, kumi madogo, yaleyale kila wiki. Wiki mbili kabla ya ofa, wiki zote za ofa, wiki sita baada yake. Safu: duka, tarehe, mzigo wa mwanzo, ulionunuliwa tangu ziara iliyopita, mzigo wa mwisho, bei ya katoni, bei ya boksi moja, tarehe ya mwisho iliyo karibu zaidi. Mwanzo jumlisha ulionunuliwa toa wa mwisho ndiyo mauzo ya duka kwa mlaji. Juu ya karatasi, kabla ya ofa kuanza, andikeni mnategemea namba gani na mtasitisha ikifika wapi, halafu msiifute.

Hesabu rafu, friji, stoo ya nyuma na chini ya kaunta. Wengi wanahesabu rafu peke yake, na mzigo wa ofa huwa umelala nyuma.

#28 AfisaNjia

Iwe siku ileile ya wiki na saa ileile. Ukihesabu Jumatatu asubuhi wiki hii na Jumamosi jioni wiki ijayo, umechanganya mauzo ya wikiendi. Na asihesabu afisa wa njia hiyo mwenyewe. Ana lengo lake, mnamweka kwenye kishawishi bure.

#29 DadaJumla

Mwenye duka naye umlipe muda wake, la sivyo wiki ya tatu atakwambia "andika ileile ya juzi". Wengine wanatoa vocha ya simu kila hesabu.

#30 FundiHesabu

Vocha sawa, bidhaa yenu msimpe. Ukimlipa kwa katoni ya juisi, inaingia kwenye safu ya "ulionunuliwa" na hakuna ankara yake, hesabu ya duka hilo haitafunga.

#31 Marejesho

Na yale maduka yanayopokea kwa ndugu yao mwenye jumla bila risiti mnayawekaje?

#32 AfisaNjia

Hayo yaondoe kwenye 30, weka mengine ya ukubwa uleule kabla wiki ya kwanza haijaanza. Ukiyagundua katikati, yaache yaendelee kuhesabiwa ila uyajumlishe pembeni.